Je, Kijana Huyu Atafika?

"Mjomba, wewe umesomesha watoto miaka 30. Mtazame mwanangu huyu, kisha uniambie kweli: atafika au hatafika?"

Swali hili niliulizwa na mpwa wangu usiku wa nne wa Ramadhani ya mwaka 1446, yaani mwanzoni mwa Machi 2025, tulipokuwa garini tukirudi kutoka kusali tarawehe. Nje theluji ilikuwa imerundikana kando ya njia, kimo cha mtu aliyeketi. Nilikuwa katika mji mmoja mdogo wa jimbo la Ontario, nchi ya Canada, kwa mwaliko wa jamaa zetu wa pwani waliohamia huko miaka mingi, ambao walitaka mtu wa kuwasalisha na kuwasomesha watoto wao katika mwezi huo mtukufu. Mpwa wangu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Alifu na be alizisoma mbele yangu, na fimbo yangu aijua. Leo ni mtu mzima mwenye ndevu, na mwanawe wa kwanza ni kijana wa miaka 14 ambaye mji wote wamsifu kwa kucheza mpira wa magongo wa barafuni.

Wasomaji wetu waujua mpira wa magongo wa majanini, ambao timu ya Kenya ilipata kushika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, huko Barcelona mwaka 1971. Huu wa Canada ni ndugu yake, lakini tabia zao ni mbali. Huchezwa juu ya barafu, katika uwanja wa urefu wa futi 200 na upana wa futi 85 uliozungushiwa ukuta, na wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chini mfano wa kisu. Badala ya mpira kuna kisahani cheusi cha raba ngumu, chenye uzito wa gramu 170 hivi. Kila upande una watu sita uwanjani, kipa akiwa mmoja wao, na kwa ukali wa mbio zao mchezaji hutimiza dakika moja kwa shida, hutoka akapumzika na mwenziwe akaingia. Kukumbana kwa mwili ni halali kwao. Ama ngumi, nilipowaona wakubwa katika televisheni wakipigana makonde ya uso nilidhani mchezo umevunjika. Kumbe adhabu yake ni kukaa nje dakika tano, kisha mtu hurudi kana kwamba hakufanya kitu. Sisi tuliofundishwa na Mtume wetu (S.A.W.) kuuepuka uso hata katika kupigana hatuwezi kulipenda jambo hilo, nami kijana sikumficha.

Neno "kufika" alilolitaja mpwa wangu lina maana moja tu kwa watu wa huko: kucheza katika ligi kubwa ya Marekani na Canada iitwayo NHL. Ligi hiyo ilikuwa na timu 32 mwaka huo, na kila timu huandikisha wachezaji 23. Basi piga hesabu, utaona kuwa nafasi zote za dunia nzima hazifiki 750, na zagombaniwa na vijana wa Canada, Marekani, Urusi, Sweden, Finland na kwingineko. Kila mwaka timu huteua vijana 224 wa umri wa miaka 18 na kuendelea. Kuteuliwa huko hufanyiwa sherehe na picha, na mama huliamkwa na machozi. Lakini wengi wa hao walioteuliwa hawapati maisha marefu katika ligi ile. Hurejea katika ligi ndogo, au huenda Ulaya, au huacha.

Huenda msomaji akauliza, mwalimu wa chuo yampasa nini haya? Nami ningalisema hivyo hivyo, lau mpwa wangu hangalimaliza maneno yake. Alisema kuwa iko shule ya kulala, mbali na kwao, ambayo hufundisha masomo pamoja na mchezo huo, nayo imekubali kumpokea kijana. Ada yake ya mwaka mmoja ni zaidi ya mshahara wangu wa miaka mingi. Yeye hana fedha hizo. Alicho nacho ni sehemu yake ya urithi katika nyumba aliyoiacha mama yake, Mji wa Kale, Mombasa. Warithi ni wawili, yeye na dada yake. Yeye ana mafungu mawili na dada ana fungu moja, na dada huyo ndiye akaaye humo na wanawe, wala hana uwezo wa kumnunua nduguye. Kwa hiyo kuuza mafungu mawili ni kuiuza nyumba yote. Alitaka idhini yangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa aliyesalia upande wa mama. Na idhini yenyewe aliifunga katika swali lile: ikiwa kijana atafika, nyumba si kitu; atawajengea wote nyingine.

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia nipeleke nimwone kwanza.

Ninakiri kwamba siku ya kwanza nilistaajabu. Kijana alikuwa kama samaki majini na wenzake kama mbuzi majini. Alikipokea kile kisahani, akampita mmoja, akampita wa pili, akamwonyesha wa tatu kushoto akaenda kulia, na kipa akalala upande usiokuwa. Watu wakapiga makofi. Babake akanishika goti. Nami nikasema moyoni: Masha-Allah, huyu atafika. Na mara nilipolisema neno hilo moyoni nikaingiwa na hofu, kwa kuwa neno kama hilo nilipata kulisema zamani kwa ulimi.

Ni zaidi ya miaka 20 sasa. Chuoni kwangu aliletwa mtoto wa miaka saba aliyehifadhi juzuu ya Amma kwa siku 40. Ukimsomea aya mara mbili, ya tatu alikusomea yeye. Siku moja ya maulidi, mbele ya watu, nilimwambia babake kuwa mtoto huyu atahifadhi msahafu mzima kabla ya kuota ndevu. Baba yule alikuwa mtu wa kazi za mikono, akaliamini neno langu kama fatwa. Akamtoa mwanawe shule ya serikali akampeleka mbali, kwenye chuo cha bweni, wala asile na kuvaa vizuri ili alipe. Mtoto alikwenda mbio hadi juzuu ya kumi. Katika ya kumi na moja alisimama. Alikuwa hajui kudurusi, hakupata kuhitaji. Kila kilichoingia kiliingia bila taabu, basi siku kilipotaka taabu hakuwa na mahali pa kuitoa. Akapigwa, akatoroka, akarudi nyumbani hana Qurani iliyotimia wala shule. Leo ni dereva wa tuktuk, mtu mwema, mwenye kusali. Tukikutana hunibusu mkono, wala hajanitamkia neno la lawama hata siku moja. Laiti angelitamka.

Na wakati ule ule nilikuwa naye mwingine, mzito wa ulimi, ambaye nusu ukurasa ulimchukua wiki. Huyo wa pili ndiye hafidh, na ndiye aliyenisaidia chuo nilipougua. Sikumwona. Macho yangu yalikuwa kwa yule wa kwanza.

Basi katika mchezo wa pili nilibadili namna ya kutazama. Mwalimu aliyezoea kazi hii hampimi mtoto kwa sura anayoisoma kwa sauti mbele yake; humpima mwenziwe anaposoma, akaona kama midomo yake yafuatisha au macho yake yaruka na nzi. Nikaamua kuwa sitakitazama kile kisahani kabisa, nitamtazama kijana asipokuwa nacho. Jambo hili ni gumu kuliko unavyofikiri, kwa sababu jicho huvutwa. Lakini nilipolizoea niliona mchezo mwingine. Kijana asipokuwa nacho alisimama. Wapinzani walipokwenda upande wa lango lake, wenzake walirudi mbio, yeye akaserereka polepole katikati ya uwanja akingoja aletewe. Alipokumbwa na mlinzi mnene akapokonywa, aliinua mikono kumlalamikia mwamuzi, na wakati huo mchezo ukampita.

Nilimuuliza mwalimu wa timu, mtu mpole aliyetuletea viti. Akaniambia mambo mawili ambayo sikuyajua. La kwanza, kwa sheria za Canada watoto hawaruhusiwi kukumbana kwa mwili hadi wafikie umri wa miaka 13 hivi; kwa hiyo sifa zote alizozipata kijana utotoni alizipata katika mchezo usio na kukumbana, na mchezo wa kweli ndio kwanza ameuanza. La pili ni habari ya mwezi wa kuzaliwa. Watoto hugawanywa kwa mwaka, kuanzia Januari mosi. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba hucheza pamoja, ilhali mmoja amemzidi mwenziwe karibu mwaka mzima wa kula na kukua. Mkubwa huonekana hodari, hupewa timu nzuri, walimu wazuri na muda mwingi zaidi wa kucheza, mpaka ule ukubwa hugeuka kuwa uhodari kweli. Wataalamu wa Canada waliliandika jambo hili tangu miaka ya 1980. Nilipoitazama orodha ya timu niliona wengi wamezaliwa Januari, Februari na Machi. Wa Novemba alikuwa mmoja tu. Kijana wetu ni wa Januari, na ndevu zimeanza kumtoka.

Mambo hayo yalinifanya nimfikirie kijana yule wa Novemba kuliko nilivyomfikiria wetu. Alikuwa mdogo wa umbo, na kila alipoanguka aliinuka akielekea kule kisahani kilikokwenda. Lakini sikuitwa kwa ajili yake.

Ijumaa ya tatu tulikwenda kusali mji wa London, nao si ule wa Uingereza bali wa Ontario. Mji huo Waislamu wanaukumbuka kwa msiba na kwa furaha. Msiba ni ule wa Juni 2021, pale watu wanne wa nyumba moja ya Kiislamu walipouawa na mtu aliyewagonga kwa gari makusudi, walipokuwa wakitembea jioni; Mungu awarehemu. Furaha ni ya Agosti 2022, siku Nazem Kadri, mwana wa mji huo mwenye asili ya Lebanon, alipolileta msikitini Kombe la Stanley, ambalo ndilo kombe kuu la mchezo huu tangu 1893. Hakupata Mwislamu kulitwaa kabla yake. Baada ya sala watoto walinieleza habari hizo wote kwa pamoja, na mpwa wangu akanitazama kama aliyeleta shahidi mahakamani.

Nami nilimkubali shahidi, lakini nikataka kumsikiliza mpaka mwisho. Usiku baada ya tarawehe nilikaa na kijana, akanifungulia mtandao, tukayasoma maisha ya Kadri na ya mwingine aitwaye Nail Yakupov. Huyu wa pili ni Mtatari kutoka Nizhnekamsk, nchi ya Tatarstan huko Urusi, kando ya mto Volga, ambako Uislamu uliingia zamani sana. Ibn Fadlan, mjumbe wa Khalifa wa Baghdad, alifika pande hizo mwaka 922. Wawili hao wamezaliwa tarehe moja, 6 Oktoba, Kadri mwaka 1990 na Yakupov mwaka 1993. Kwa hiyo wote ni watoto wa mwisho wa mwaka, ambao kwa hesabu ya yule mwalimu walikuwa na haki ya kuachwa nyuma.

Yakupov alikuja Ontario kijana, akaichezea timu ya Sarnia, na katika msimu wake wa kwanza alifunga mabao 49. Mwaka 2012 timu ya Edmonton ilimteua wa kwanza kabisa, mbele ya vijana wote wa dunia. Msimu wa kwanza katika ligi kubwa alifunga mabao 17 katika michezo 48, na watu wakasema nyota imezaliwa. Msimu wa pili alifunga 11 katika michezo 63. Mwalimu mpya, Dallas Eakins, alimtaka arudi kulinda, na alipoona harudi vya kutosha alimweka nje. Walimu wakabadilishwa mmoja baada ya mwingine. Kwa misimu minne kijana yule alifundishwa na wanne, kila mmoja na neno lake. Mwaka 2016 akahamishiwa St. Louis, mwaka 2017 akaenda Colorado, na mwaka 2018 alirudi kucheza Urusi. Katika ligi kubwa alicheza michezo 350 akafunga mabao 62. Sisemi kuwa alikosa riziki. Michezo 350 wangapi wanaipata? Ila ndicho kipimo cha macho ya wajuzi, kwamba kijana waliyemweka wa kwanza duniani, miaka sita baadaye hakuwa na timu katika ligi yao.

Kadri aliteuliwa na Toronto mwaka 2009, akiwa wa saba. Hakupata nafasi mara moja. Alirudishwa kwa vijana, kisha akatiwa timu ndogo, akawa hupanda na kushuka miaka mitatu na nusu. Na mwalimu wa timu ile ndogo alikuwa nani? Ni yuyo huyo Eakins! Mwaka 2012 alimlaumu mbele ya waandishi wa magazeti kwa mafuta ya mwili na kutojiweka tayari. Kijana wa miaka 21 kuambiwa hivyo hadharani si jambo dogo. Hakukimbia. Mwanzoni mwa 2013 akashika nafasi yake, na msimu ule akapata pointi 44 katika michezo 48. Lakini ghadhabu ilikuwa aibu yake. Alifungiwa katika michezo ya mwisho ya mwaka 2018, akafungiwa tena 2019, na Toronto wakachoka naye wakampeleka Colorado, timu ile ile iliyomwacha Yakupov mwaka mmoja nyuma. Huko nako alifungiwa michezo minane mwaka 2021. Mtu wa miaka 30 bado hajaitawala nafsi yake. Nani angemwekea nyumba rehani? Mwaka uliofuata alipata pointi 87. Huko St. Louis alitukanwa kwa asili yake na kutishwa hata kwa kuuawa, baada ya kugongana na kipa wao. Naye katika mchezo uliofuata alijibu kwa mabao matatu. Akavunjika kidole gumba, akapasuliwa, na tarehe 22 Juni 2022 alirudi akafunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza wa mchezo wa nne wa fainali. Siku nne baadaye kombe lilikuwa lao.

Kijana alisikiliza yote, kisha akasema, "Babu, mimi ni kama Kadri." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu nafunga." Nikamwambia Yakupov naye alifunga. Akanyamaza, akacheka kidogo, kwani ni mtoto mwenye akili.

Ama habari ya dini, mambo niliyoyaona sitayarefusha. Michezo mingi huangukia wakati wa Magharibi. Kijana alifunga Ramadhani yote, nami namshuhudia. Jioni moja alifuturu kwa tende tatu akiwa kwenye benchi, na mwenziwe Mzungu alimshikia chupa ya maji akihesabu dakika pamoja naye. Hilo lilinifurahisha. Lililonihuzunisha ni kamari. Tangu Aprili 2022 jimbo la Ontario limeyafungulia makampuni ya kamari soko la mtandaoni, na sasa huwezi kuutazama mchezo mmoja wa wakubwa usiitwe kucheza kamari mara kadhaa, katika ukuta wa uwanja na katikati ya habari. Watoto wa miaka kumi wanajua nani anapewa nafasi ya kushinda na kwa kiasi gani. Mzazi anayempeleka mwanawe njia hiyo na ajue kuwa mlango una majirani.

Wiki ya mwisho walicheza na timu ya mji mwingine, vijana warefu waliokomaa. Kijana wetu hakupata kitu. Kila alipokipokea kisahani alikuta mwili umesimama mbele yake, na zile hila za kushoto na kulia zikakosa nafasi, kwa kuwa hila hutaka uwanja nao walimnyima uwanja. Kipindi cha tatu mwalimu alimkalisha. Njiani hakusema neno. Babake ndiye aliyesema, akamlaumu mwalimu, mwamuzi na barafu.

Usiku ule baada ya daku nilisikia kishindo kutoka banda la gari. Nilishuka nikamkuta kijana peke yake, amevaa kofia ya sufu, anapiga visahani kwenye wavu. Moyo wangu ulilainika, nikasema huyu ana bidii, huenda nimemdhulumu. Nikasimama gizani nikitazama. Alipiga kama mara mia, na karibu zote ziliingia. Kisha nikaelewa ninachokiona. Alikuwa akirudia lile alilolijua. Nimeliona hili chuoni mara nyingi: mtoto aliyeshindwa na sura ngumu, ukimwambia adurusi, hujificha pembeni akasoma kwa sauti nzuri ile aliyoihifadhi mwaka jana, naye hudhani anadurusi. Bidii ilikuwako. Ilikuwa imeelekea mahali ambapo haiumi.

Nilimwambia, "Mjukuu wangu, leo hukushindwa kufunga. Ulishindwa kukipata." Akasema ajua. Nikamuuliza, "Na la kukipata unalifanyia mazoezi wapi?" Akaniangalia muda mrefu, asinijibu, nasi tukaenda kusali Alfajiri.

Jibu nilimpa mpwa wangu siku ya mwisho ya mfungo. Nilimwambia hivi: mikono anayo, miguu anayo, na jicho analo, aliyempa ni Mwenyezi Mungu, hapana mwalimu awezaye kumpa wala kumnyang'anya. Lakini kama alivyo leo hatafika. Hajapata kukutana na siku ambayo kipawa hakimtoshi, na sasa siku hizo zimeanza. Hapana mtu, si mimi wala si wale wateuzi wa mashuhuri, ajuaye atakuwa nani baada ya miaka miwili ya siku kama hizo. Wao walimweka Yakupov wa kwanza. Mimi nilimharibia maisha mtoto wa watu kwa neno moja la maulidi. Basi mimi wa pili silitamki.

Na kuhusu nyumba nilimwambia kuwa mafungu mawili ni mali yake kwa sheria, na kama atauza sitamzuia, ila asitake niseme kuwa nimeridhia. Dada yake hakuulizwa. Watoto wa dada yake hawachezi mpira wa barafuni. Nikamshauri amwache kijana katika timu ya mji, kwa gharama anayoimudu mshahara wake, amwombe mwalimu ampe kazi ya ulinzi ambayo haipendi, na angoje uteuzi wa ligi ya vijana ya Ontario, ambao huwafika wakiwa na miaka 15 au 16. Tena asome. Zamani aliyeingia ligi hiyo ya vijana alifungiwa mlango wa kuchezea vyuo vikuu vya Marekani. Kwa uamuzi wa Novemba 2024 mlango huo ulikuwa unafunguliwa kuanzia Agosti 2025. Kijana mwenye alama nzuri darasani angekuwa na njia mbili pale ambapo kaka zake walikuwa na moja.

Mpwa wangu hakufurahi. Alisema, "Mjomba, wamkata mwanangu tamaa kabla hajaanza." Nikamwambia mwanao simkati tamaa, wewe ndiye ninayekuomba usiweke tamaa yako juu ya mgongo wa mtoto wa miaka 14, kwani akijua nyumba ya bibi yake imeuzwa kwa ajili yake hatacheza tena, atakuwa analipa deni. Siku ya Idi tulikumbatiana kama desturi, lakini mkono wake ulikuwa baridi. Nilipanda ndege hatujasemezana sawasawa.

Nilikaa miezi miwili sina habari. Dadake, yule wa Mji wa Kale, aliniuliza mara mbili kama kuna neno, nami sikuwa na la kumwambia. Nilimwona ameacha hata kupaka chokaa, kama mtu asiyejua chokaa hiyo anampakia nani. Baada ya Idi ya kuchinja ndipo simu ilipolia. Mpwa wangu alisema ameiandikia ile shule kuwa mwaka huu hatampeleka. Hakusema mwaka ujao. Alisema pia kuwa katika majaribio ya timu kijana amechukuliwa, lakini amewekwa mstari wa tatu, na yule wa Novemba amewekwa wa kwanza.

Wiki iliyopita amenipelekea picha za kutembea za kama nusu dakika, na chini yake ameandika: "Mjomba, mtazame asipokuwa nacho." Nimezitazama mara nyingi. Kijana amepokonywa karibu na lango la wapinzani, na safari hii hakuinua mikono. Amegeuka, amerudi uwanja mzima akimfukuza mtu aliyemtangulia, na amechelewa kama hatua mbili, bao limeingia. Nimemjibu kuwa nimeona, na kwamba aniletee nyingine msimu ukiwa katikati. Nikamuuliza pia kijana amefika juzuu ya ngapi. Hilo hajanijibu.